Nafasi Tupu Katika Ramani ya Nafsi

Hamu ya mtu kutaka kujijua ni ya kale kama mtu mwenyewe. Kila zama huizulia hamu hiyo chombo chake: wengine walitazama nyota, wengine walipiga ramli, na wengine walikwenda kwa waaguzi. Zama zetu zimezua michoro. Mmoja ulianzishwa na Mkanada aliyejiita Ra Uru Hu, ambaye alidai kuwa aliupokea kwa sauti aliyoisikia katika kisiwa cha Ibiza, Hispania, mwaka wa 1987. Hutungwa kwa tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa kwa mtu, nao una umbo la mwili wenye vituo 9. Vituo vilivyotiwa rangi husemwa kuwa ni tabia ya kudumu. Vilivyoachwa vyeupe husemwa kuwa havina umbo maalumu, na kwamba hapo ndipo mtu hupokea nguvu na fikira za wenzake.

Msomaji, huenda siku moja ukaonyeshwa mchoro kama huu katika simu, ukaambiwa kuwa kituo chako cha utashi ni kitupu. Utafanya nini na utupu huo? Kabla hujajibu, fuatana nami mpaka nchi ya Wagusii, ambayo tangu 2013 ina kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Huko nafasi tupu iliwahi kujazwa, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Wagusii walikuwa na waaguzi walioitwa abaragori, wengi wao wanawake. Mtu aliyepatwa na ugonjwa au msiba aliwaendea kuuliza chanzo chake. Walikuwako pia watabiri, ambao maneno yao yalihusu jamii nzima. Aliyesifika sana miongoni mwao ni Sakawa wa Kitutu, aliyeishi katika karne ya 19. Husimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni weupe, akaonyesha hata mahali ambapo majengo yao yangesimama katika Getembe, palipo leo mji wa Kisii. Husimuliwa pia kwamba alisema wageni hao wangeondoka. Lakini utabiri hauna kalenda. Wangeondoka lini, na kwa mkono wa nani? Hapo palibaki peupe, na kila msikilizaji alikuwa na wino wake.

Waingereza walifungua kituo chao hapo mwaka wa 1907. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na nchi ikaadhibiwa vikali. Watu wakanyamaza, walakini hawakusahau. Septemba 1914, vita kuu ilipozuka, askari wa Wajerumani walivuka mpaka, na maofisa wa Kiingereza wakauhama mji. Tarehe 12 pande mbili zilipigana Kisii, kisha zote mbili zikarudi nyuma. Mji ukawa hauna mwenyewe. Wengi waliouona waliamini kwamba siku ya Sakawa imetimia. Mji na vituo vya misheni vikaporwa. Haukupita muda mrefu Waingereza wakarejea. Nyumba zikachomwa, na ng'ombe wakatwaliwa.

Hata hivyo tumaini halikufa. Dini ya Mumbo, iliyotoka katika nchi ya Wajaluo, ilifundisha vile vile kuwa wazungu watatoweka, ikapata wafuasi wengi kwa Wagusii. Mwaka wa 1921 baadhi ya viongozi wake walipelekwa uhamishoni Lamu. Utawala wa wageni ulikoma Desemba 1963, miaka 49 baada ya ile siku iliyodhaniwa kuwa ndiyo.

Usiwacheke wazee hao. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na uhuru walioutamani ulikuwa haki yao. Walichokosa ni kupambanua baina ya neno lililosemwa na neno waliloliongeza wenyewe kwa shauku. Kosa hilo si la kabila moja wala la zama moja. Mwaka wa 1948, katika Marekani, mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ya kwake ni ya pekee. Walipoulizwa kama maelezo yale ni ya kweli, wastani wa alama walizotoa ulikuwa 4.26 katika 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi moja! Maneno yalikuwa mapana. Kila msomaji aliyapunguza kwa kipimo chake.

Basi sasa rudi kwenye mchoro wako. Hapana ushahidi wa sayansi kwamba saa ya kuzaliwa hugawa utashi kwa mmoja na kumnyima mwingine. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa kituo chake cha utashi ni cheupe, akaacha hesabu kwa kuwa hakuumbiwa bidii, amejaza nafasi tupu kwa hofu, kama wazee walivyoijaza kwa tumaini. Mwenzake akiiona nafasi ile ile aweza kujiuliza: je, mawazo haya ni yangu, ama nimeyapokea kwa rafiki zangu bila kuyapima? Huyo amepata faida, hata kama mchoro hauna ukweli wowote.

Ukionyeshwa nafasi tupu, iwe katika utabiri, katika mchoro au katika sifa unazopewa na watu, tazama kwanza kalamu imo mkononi mwa nani.