Kanda za Grateful Dead: mashabiki ndio waliotunza shoo

Bendi nyingi zilikuwa zinawatimua watu wenye rekoda ukumbini. Grateful Dead, jamaa wa California walioanza 1965, wao waliwaachia. Mwaka 1984 wakawatengea hadi sehemu yao, nyuma ya meza ya fundi sauti. Sharti kubwa: kanda ibadilishwe kwa kanda, isiuzwe.

Na kukusanya kulikuwa na maana, kwa sababu shoo mbili hazikufanana. Wimbo wa dakika kumi juzi, leo ungeweza kwenda nusu saa.

Inayobishaniwa mpaka leo ni ile ya tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Wapo wanaosema imesifiwa kupita kiasi. Haya, waisikilize tena! Aliyeirekodi ni fundi sauti wa bendi, mwanamke, ambaye baadaye alikwama kifedha, na mwaka 1986 kanda zake zikapigwa mnada pamoja na vitu vyake vya stoo. Zikaangukia mikononi mwa mashabiki, wakazinakili, zikasambaa. Toleo rasmi la shoo hiyo lilikuja 2017, mpiga gitaa wao mkuu akiwa ameshafariki tangu 1995. Wengi walishaichosha kwa kuirudiarudia.