Msitu wa Nyandarua

Msomaji, ukifungua bomba la maji mjini Nairobi, yamkini huulizi maji hayo yametoka wapi. Sehemu yake kubwa hushuka kutoka milima ya Nyandarua, kaskazini ya mji. Twende basi tukaitazame.

Wakikuyu waliipa jina hilo kwa sababu umbo lake, wasema wazee, lafanana na ngozi iliyoanikwa. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita katika miaka ya 1883 na 1884, aliibandika jina la Lord Aberdare, aliyekuwa mkuu wa Chama cha Jiografia cha Uingereza. Milima ikawa na majina mawili, lakini mwenyeji hakusahau la kwanza.

Ukiikwea utapita kwanza katika kivuli cha mitarakwa, kisha katika mianzi iliyosongamana hata jua halipenyi. Juu zaidi kuna uwanda wa baridi wenye nyasi ngumu, na mwisho kilele cha Satima, mita 4,001. Humo hukaa tembo, nyati, na bongo, swala mwekundu mwenye michirizi myeupe, ambaye sasa ni adimu mno. Maporomoko ya Karuru huanguka mita 273 kwa ngazi tatu.

Mwaka 1950 sehemu ya juu ilifanywa hifadhi ya taifa. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na wapiganaji wa Mau Mau wakaingia msituni. Mianzi ikawa dari yao, na mito ikawa visima vyao. Ndege za Kiingereza zilidondosha mabomu, wala msitu haukuwatoa. Dedan Kimathi alikamatwa kwenye ukingo wake tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957.

Uhuru ulipopatikana, msitu uliowaficha watu haukupata wa kuuficha. Miti ilikatwa kwa siri, na makaa yakachomwa. Kuanzia 1989 hadi 2009 ulijengwa uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400, ili tembo wasile mashamba na shoka lisiingie ovyo.

Lakini uzio una milango, na milango hufunguliwa na watu. Kwa hiyo, msomaji, unapokinga maji leo, kumbuka kwamba usalama wa msitu ule umo mikononi mwa walio hai, nawe ni mmoja wao.