Ada ya Kosa

Finland kuna mbio za magari ziitwazo jokamiehenluokka, yaani daraja la mtu yeyote. Kijana wa miaka 15 huruhusiwa kushindana, ingawa hajafikia umri wa leseni ya gari. Kilichonivutia zaidi ni sheria ya bei: mbio zikiisha, gari lolote laweza kununuliwa kwa bei iliyopangwa, na mwenyewe haruhusiwi kukataa. Nani basi atamwaga fedha kwenye injini itakayoondoka jioni na mtu mwingine? Magari hubaki mikweche, na kijana akilitumbukiza lake mtaroni, kilichoharibika ni mkweche tu. Kesho anarudi kukosea tena.

Waingereza kosa hilohilo wameliuza kwa ada. Jim Russell alifungua shule yake Snetterton miaka ya 1950: ulilipa, ukapewa gari, ukaonyeshwa pa kukanyaga breki na pa kuingilia kona. Emerson Fittipaldi, Mbrazili, alipita hapo 1969. 1972 alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1. Njia nzuri, kwa mwenye nazo.

Joginder Singh wa Kenya alianzia chini ya gari, spana mkononi, katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo wengine walikwisha kuitumia. Alishinda tena 1974 na 1976. Safari ya siku hizo ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope, na dereva aliyekulia gerejini huisikia springi ikilalamika kabla haijakatika. Huo ni ujuzi ambao sidhani Snetterton waliuuza.

Lakini gereji ina upungufu wake: gari ni la mteja. Fundi kijana wa Nairobi anaweza kuifumua injini yote, ila hana ruhusa ya kupindua gari. Anayeruhusiwa ni mtoto wa mwenye gari. Hata Finland, tuseme kweli, Kalle Rovanperä, aliyeshinda Safari 2022, alikuwa akiendesha akiwa na miaka 8, na baba yake Harri alikuwa dereva wa rally. Tofauti ni kwamba asiye na baba wa namna hiyo ana pa kwenda Jumapili.

Sisi tunazo gari za Probox zilizochoka kila mtaa. Mtu atafute uwanja wa vumbi, abandike bei kiooni.