Tarihi ya Picha za Nuru Isiyoonekana

Katika mwaka 1800, nchini Uingereza, mwanafalaki William Herschel, aliyekwisha kupata sifa kubwa kwa kuigundua sayari ya Uranus, aliipitisha nuru ya jua katika prizimu, akaweka vipimajoto katika rangi mbalimbali apate kujua ipi yenye joto zaidi. Na kipimajoto alichokiweka nje ya wekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, ndicho kilichopanda kuliko vyote. Hivyo ikadhihirika kwamba jua hutuma nuru ambayo mwanadamu hakujaaliwa kuiona, nayo ndiyo iitwayo leo infraredi.

Kuijua nuru hiyo kulikuwa jambo moja, na kuinasa katika picha jambo jingine, lililongoja zaidi ya karne nzima. Dawa za fedha walizotumia wapiga picha wa mwanzo ziliitikia zaidi rangi ya buluu, mpaka Hermann Vogel wa Berlin alipogundua, mwaka 1873, kwamba zikichanganywa na rangi fulani za kemikali huitikia nuru ambayo hapo kabla hazikuitambua. Katika miaka ya 1880 Mwingereza William Abney alitengeneza dawa iliyofika katika infraredi yenyewe, lakini muradi wake ulikuwa kuichunguza nuru ya jua, wala si kupiga picha za mandhari. Aliyeielekeza kamera ya namna hiyo kwenye miti na anga ni Robert Wood, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, aliyezitangaza picha zake mwaka 1910. Na waliozitazama waliona mbingu nyeusi ya mchana, na chini yake miti yenye majani meupe pe. Hata leo weupe huo wa majani hutajwa kwa jina lake.

Aghalabu watu hudhani kwamba picha hizi zinaonyesha joto la vitu, na dhana hiyo si sahihi, kwa maana mawimbi ya joto la mwili ni marefu mno kuliko haya, ambayo huanzia kiasi cha nanomita 700. Sababu imo ndani ya jani lenyewe. Klorofili huila nuru nyekundu na ya buluu kwa ajili ya kulisha mmea, lakini infraredi huiacha ipite. Nayo ikiisha kuingia hugongana na kuta za seli na nafasi za hewa zilizo kati yake, na karibu nusu yake hurudi nje. Ama mbingu, huwa nyeusi kwa kuwa hewa hutawanya mawimbi mafupi, ilhali marefu huyaacha yaende zake; na kwa sababu iyo hiyo milima iliyo baidi, iliyofunikwa na utusitusi, huonekana dhahiri.

Maarifa haya hayakukaa sana mikononi mwa wapenda mandhari peke yao. Katika Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Kodak ilitengeneza filamu ya rangi iliyoyageuza majani hai kuwa mekundu au ya waridi, ili matawi yaliyokatwa na rangi ya kijani iliyopakwa juu ya mizinga yatofautike na msitu wa kweli. Na mwaka 1956 Robert Colwell wa California alionyesha jinsi picha kama hizo, zikipigwa kutoka angani, zinavyofichua maradhi ya nafaka mashambani. Filamu za ukoo huo ndizo alizokwenda nazo Richard Mosse, msanii wa Ayalandi, huko Kivu, mashariki ya Kongo, akawapiga picha wapiganaji kati ya milima ya waridi, na kazi yake ikaonyeshwa Venice mwaka 2013. Wako walioshutumu kwamba rangi ile huipamba vita. Nami naona kwamba filamu iliyobuniwa kumfichua askari aliyejificha vichakani ilikuwa ikitenda kazi yake ya asili, na kwamba kila penye waridi pana majani yaliyo hai.

Kodak iliisimamisha filamu yake mashuhuri ya infraredi ya nyeusi na nyeupe mwaka 2007, na sanaa hii ingalififia lau si kamera za dijitali. Kihisi cha silikoni huiona infraredi mpaka karibu nanomita 1100, ila watengenezaji huweka mbele yake kioo cha kuizuia, ili rangi za kawaida zisiharibike. Fundi akikiondoa kioo hicho, akatia badala yake chujio lipitishalo infraredi, kamera hupiga kwa kasi picha ambazo awali zilihitaji kiguu cha kusimamishia na subira ndefu.

Kwa hiyo nawausia vijana wenye kamera kuukuu zilizogeuzwa hivyo wasikimbilie kubadilisha rangi kwa kompyuta kabla hawajajua jani limewaambia nini; bali wahifadhi kila picha kama ilivyopigwa, na waandike ni mti gani, saa ngapi na kwa chujio lipi, ili watakaokuja baada yao wapate elimu pamoja na uzuri.