Mnada wa Watu Wasioonana

Kuuza kitu ambacho mwenyewe hakihitaji tena ni desturi iliyozaliwa pamoja na kumiliki. Mtoto hukua akaacha kitanda chake kidogo. Mpangaji huhama akashindwa kubeba kabati lake. Mrithi hupokea vitu alivyovipenda marehemu, naye hana pa kuviweka. Kitu kilicholala bila ya kazi katika nyumba moja chaweza kuwa kinatafutwa kwa taa katika nyumba nyingine. Lakini baina ya nyumba hizo mbili pana vizuizi viwili: umbali na shaka. Umbali humfanya mwenye haja asijue kwamba kitu kipo. Shaka humfanya, hata akijua kwamba kipo, asiamini kwamba ni kizima. Historia ya uuzaji wa vitu vilivyokwisha tumika, toka mnada wa uwanjani mpaka soko la mtandao, ni historia ya juhudi za kuviondoa vizuizi hivyo. Cha kwanza kimeondolewa kwa wepesi wa ajabu. Cha pili kingali kinawashughulisha wanadamu.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na jibu lao la zamani. Neno mnada lina nasaba na neno la Kiarabu lenye maana ya kuita kwa sauti, na dalali, kwa asili ya neno lake, ni mtu aonyeshaye njia. Majina hayo yaeleza kazi yenyewe. Dalali huita, watu hukusanyika, kitu huinuliwa juu kikaonekana na kila mtu, na bei hupanda kwa vinywa vya washindani mpaka wote wakanyamaza isipokuwa mmoja. Sauti iliushinda umbali, japo umbali mfupi. Jicho liliishinda shaka. Palipokuwa na udanganyifu usioonekana kwa jicho, palikuwa na sheria. Katika sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa katika biashara ya miji ya pwani kwa karne nyingi, mnunuzi aliyegundua kasoro iliyofichwa ana hiari ya kurudisha kitu. Na kupandisha bei kwa hila bila ya nia ya kununua, tendo liitwalo najshi, kumekatazwa. Kiswahili nacho kilitoa onyo lake: mtu asiuziwe mbuzi ndani ya gunia.

Onyo hilo lilipata hoja yake ya kitaalamu mwaka 1970, mchumi wa Marekani George Akerlof alipochapisha makala yaliyotumia mfano wa soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni nyepesi kusimulia na nzito kujibu. Muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kubagua zima na bovu, hutoa bei ya wastani. Bei hiyo ni hasara kwa mwenye gari zima, naye hujitoa sokoni. Ni faida kwa mwenye gari bovu, naye hubaki. Vizuri vikizidi kujitoa, wastani hushuka na bei hushuka pamoja nao, mpaka soko likaweza kufa kabisa. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akerlof alionyesha hali ambayo kizuri hushindwa kujiuza kwa sababu kibaya kimevaa nguo zake. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa wachumi watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel. Kwa hesabu yake, soko ambalo muuzaji na mnunuzi hawaonani, wala kitu hakishikwi kabla ya kulipiwa, lilikuwa na kila sababu ya kutozaliwa.

Lilizaliwa hata hivyo. Mwezi wa Septemba 1995, katika mji wa San Jose, California, Pierre Omidyar, mtunga programu mwenye umri wa miaka 28, aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Kiirani, alifungua mnada katika tovuti yake mwenyewe. Aliuita AuctionWeb. Mtu yeyote aliweza kuandika habari za kitu chake, na mtu yeyote aliweza kutoa bei, hata kama bara zima limewatenga. Kitu cha kwanza kilichouzwa kilikuwa kielekezi cha mwanga wa leza, nacho kilikuwa kimeharibika. Kilipata dola 14 na senti 83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama amefahamu ya kuwa kitu hicho hakifanyi kazi; akajibiwa kwamba mnunuzi hukusanya vielekezi vibovu. Yafaa kuzingatia jambo moja ambalo wasimuliaji wa kisa hiki hulipita haraka. Kinachosifiwa kwa kawaida ni upana wa soko, kwamba duniani hakosekani mtu wa kutaka hata kitu kibovu. Lakini sharti la kisa chote ni kwamba ubovu ulitangazwa. Kibovu kilichosemwa ni bidhaa. Kibovu kilichofichwa ni wizi.

Ajabu ni kwamba soko lililotegemea ukweli lilijitungia asili isiyo ya kweli. Kwa miaka kadhaa magazeti yalisimulia kwamba Omidyar aliunda mnada wake ili mchumba wake apate kubadilishana vikasha vya peremende vya Pez na wakusanyaji wenziwe. Kisa kilipendwa, kikaenea. Mwaka 2002 mwandishi Adam Cohen alitoa kitabu cha historia ya kampuni hiyo, The Perfect Store, na ndani yake ikabainika kwamba kisa kilitungwa mwaka 1997 na mtumishi wa kampuni aliyeshughulikia habari, kwa kuwa waandishi wa magazeti hawakuvutiwa na maelezo makavu ya uchumi. Mwanafunzi wa historia hana budi kuukumbuka mfano huu. Hadithi za mwanzo wa mambo nazo ni bidhaa, na mara nyingi hununuliwa kwa sura yake kabla ya kupimwa uzima wake.

Mwanzoni mnada ulikuwa wa bure. Kampuni iliyompa Omidyar njia ya mtandao ilipomtoza dola 250 kwa mwezi kwa sababu ya wingi wa wageni, naye alianza kutoza ada: asilimia 5 ya bei kwa vitu vya chini ya dola 25, na asilimia 2.5 kwa vya zaidi ya hapo. Fedha zilikuja kwa posta, na pamoja na fedha zililetwa lawama. Huyu alilalamika kwamba amelipa na hakupelekewa kitu. Yule alilalamika kwamba amepeleka na hakulipwa. Mtu mmoja hakuweza kuwa kadhi wa ugomvi wote huo. Mwezi wa Februari 1996 Omidyar alitoa jibu ambalo katika historia ya biashara ni kubwa kuliko mnada wenyewe. Alifungua daftari la hadhara, ambamo kila mtu aliweza kumsifu au kumlaumu mwenziwe na wote wakasoma. Sifa ilihesabiwa kuwa moja ya kuongeza, lawama kuwa moja ya kupunguza. Aliyeshuka mpaka upungufu wa nne alitolewa sokoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa heshima nayo iliwekewa daftari. Zamani sifa ya mfanyabiashara iliishi katika vinywa vya jirani zake, ikafa kwenye mpaka wa mji wake. Sasa ilikuwa imeandikwa, imejumlishwa, na inamfuata mwenyewe kila aendako ndani ya soko. Mtu aliyejikusanyia sifa mia kwa uaminifu wa miaka alikuwa na kitu cha kupoteza, na kitu hicho kilimzidi thamani sahani moja yenye ufa. Hivyo ndivyo hoja ya Akerlof ilivyopata mpinzani: muuzaji wa kizuri alipewa sababu ya kubaki. Mwezi wa Septemba 1997 soko likabadili jina likawa eBay. Tarehe 24 Septemba 1998 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa dola 18 kila moja, na kabla ya jua kutua zilikuwa zimepita dola 47.

Daftari halikuimaliza hila. Mwezi wa Mei 2000 mwanasheria mmoja wa California aliweka katika mnada huo picha ya rangi kwa bei ya kuanzia ya senti 25. Alijifanya mtu wa kawaida mwenye mke na mtoto, asiyejua sanaa, aliyeinunua picha katika uuzaji wa vitu vya nyumbani. Akaongeza kwamba mtoto ameitoboa kwa kigari chake cha kuchezea. Hakusema picha ni ya nani. Aliacha tu ionekane alama ya herufi R na D na tarakimu 52, ambayo wajuzi wangeisoma kuwa ni saini ya mchoraji mashuhuri Richard Diebenkorn. Wajuzi wakaisoma hivyo, na bei ikapanda mpaka dola 135,805, iliyotolewa na mtu wa Uholanzi. Kampuni iliuvunja mnada huo ilipogundua kwamba muuzaji alikuwa ametoa bei juu ya kitu chake mwenyewe kwa jina jingine. Mwaka 2001 yeye na wenziwe wawili walishitakiwa kwa kupandishiana bei katika minada mingi, naye alikiri kosa. Mke na mtoto hawakuwapo, na saini ilikuwa ya kughushi. Mtandao ulikuwa mpya, lakini kosa lilikuwa ni najshi ile ile iliyokatazwa kwa wafanyabiashara wa zama za ngamia.

Daftari lilikuwa na udhaifu mwingine, nao ulikuwa wa siri zaidi. Muuzaji na mnunuzi walipohukumiana, kila mmoja alimngoja mwenziwe aandike kwanza. Mnunuzi aliyetoa lawama ya haki alirudishiwa lawama ya kisasi. Kwa hiyo wengi walinyamaza au walisifu kwa hofu. Mwezi wa Mei 2008 kampuni ilikata shauri: muuzaji hataweza tena kumwandikia mnunuzi lawama. Wauzaji walikuwa wamekwisha kulipinga badiliko hilo, pamoja na ada mpya, kwa mgomo wa mwezi wa Februari mwaka huo huo. Walikuwa na hoja, kwa sababu mnunuzi mwovu naye yupo, na sasa hakuwa na rekodi ya kumwonya mwingine. Lakini soko lilikuwa limebadilika. Toka mwaka 2000 mtu aliweza kuweka bei moja ya kukata, bila ya mnada, na wenye maduka waliingia kwa wingi mahali palipoanza na watu wenye makabati ya kupunguza. Raia wawili waliohukumiana sawasawa walikuwa wamegeuka kuwa mfanyabiashara na mteja.

Afrika Mashariki ilipokea soko la mtandao ikiwa tayari na shule yake ya vitu vilivyotumika. Neno mtumba maana yake ni mzigo uliofungwa, na nguo za mitumba zilipata jina kwa namna zinavyosafirishwa. Katika Gikomba ya Nairobi, Karume ya Dar es Salaam na Owino ya Kampala, mchuuzi hununua robota likiwa limefungwa, akalifungua baada ya kulipa. Yeye ndiye anunuaye mbuzi ndani ya gunia, ili mteja wake apate kushika nguo, kuigeuza, kuitazama mishono na kuikataa. Simu ilipokuja kuwa pochi, kwa M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mtu angedhani kwamba kizuizi cha mwisho kimeondoka. Matangazo ya viti, simu na magari yalihamia mtandaoni. Mwaka 2019 kampuni ya Jiji, iliyoanzishwa Nigeria, ilinunua biashara ya OLX katika nchi tano za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda. Hata hivyo Jiji huwashauri wateja wake wasilipe kabla ya kuona, na wakutane na muuzaji mahali pa hadhara. Sauti ya dalali imeingia katika simu. Jicho limebaki uwanjani.

Wako waonao desturi hiyo kuwa ni dalili ya kuchelewa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Shaka haiondoki sokoni kwa uhodari wa mitambo. Hubebwa na mtu. Katika mnada wa uwanjani hubebwa na jicho la kila mnunuzi. Katika mitumba hubebwa na mchuuzi, ambaye robota moja baya laweza kummaliza mtaji. Katika daftari la eBay ilibebwa na wawili mpaka mwaka 2008, kisha mzigo mkubwa ukawekwa juu ya bega la muuzaji. Katika soko la simu hubebwa na wote wawili, kwa nauli na wakati wao. Basi anayepima ustaarabu wa soko asitazame tu wepesi wa kulipa na upana wa matangazo. Aulize mzigo wa shaka umewekwa juu ya nani, na kama aliyewekewa ana nguvu za kuubeba.