Idara Inayobadili Jina Lake

Miongoni mwa idara zote za chuo kikuu, hakuna iliyohangaika na jina lake kama ile inayoshughulika na mwili wa binadamu katika mwendo. Chuo hiki huiita Elimu ya Viungo, kile huiita Afya, Sayansi ya Mazoezi na Elimu ya Viungo, na cha tatu kimejitwalia neno la Kiyunani, kinesiolojia, ambalo mzazi anayemlipia mwanawe ada hulitamka kwa tabu. Baadhi ya wanataaluma wenzangu hulifanyia jambo hili mzaha. Mimi naliona kuwa la kisiasa, kwa sababu kila jina jipya lilijibu swali lilelile kwa namna tofauti: idara hii ipo kwa manufaa ya nani? Historia yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya Marekani, na huko ndiko nitakakoanzia.

Chuo cha Amherst, katika jimbo la Massachusetts, kilikuwa na hofu katika miaka ya 1850. Rais wake, William Stearns, aliwaona vijana wakidhoofika, wengine wakiacha masomo na wengine wakifa, akaamini kwamba chuo kinachomwongezea kijana maarifa huku kikimpunguzia afya kinamdhulumu. Hivyo ikaanzishwa idara ya usafi wa mwili na elimu ya viungo, na mwaka 1861 ikakabidhiwa kwa daktari Edward Hitchcock, mhitimu wa udaktari wa Harvard, aliyeiongoza hadi kufa kwake mwaka 1911. Wanafunzi walifanya mazoezi siku nne kwa juma, wakiwa na vifaa vyepesi vya mbao mikononi na kinanda kikiwapigia mwendo. Hitchcock aliwapima pia: kimo, uzito, mzingo wa kifua, nguvu za mikono, kiasi cha pumzi. Alimpima mwanafunzi ili amjue na amtunze. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye upimaji ulishika njia nyingine. Karne ya ishirini ilipofika, vyuo kadhaa vyenye sifa, Harvard, Yale na Vassar vikiwamo, vilikuwa vikiwapiga wanafunzi wapya picha wakiwa uchi kwa kisingizio cha kuchunguza mkao wa mwili, na nyingi ya picha hizo zikaishia mikononi mwa watafiti waliodai kusoma tabia ya mtu katika umbo lake.

Hata katika idara iliyobaki na nia ya Hitchcock, swali la "mwili wa nani" halikukwepeka. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Chuo Kikuu cha Kansas. Huko alifundisha James Naismith, Mkanada aliyebuni mpira wa kikapu mwezi Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield, kisha akahamia Kansas mwaka 1898 kusimamia elimu ya viungo na ibada za chuo. Mwaka 1933 alijiwa na kijana Mweusi, John McLendon, aliyetumwa na baba yake amtafute mzee huyo awe mlezi wake wa masomo. Naismith alimpokea. Timu ya chuo ya mpira wa kikapu, hata hivyo, haikuwa na nafasi kwa mchezaji Mweusi, kwa hiyo mwanafunzi wa mtu aliyeubuni mchezo hakuweza kuucheza kwa jina la chuo chake.

Kisha kulikuwa na bwawa la kuogelea. Masharti ya shahada yalidai mwanafunzi ajue kuogelea, lakini wanafunzi Weusi walisamehewa sharti hilo ili wasiingie majini pamoja na Weupe. Msamaha wa aina hiyo ni tusi lililovikwa joho la hisani. McLendon aliukataa. Aliingia majini, na alipotoka bwawa likamwagwa maji yote. Hakuishia hapo; alishindana na wakuu wa chuo mpaka kizuizi kile kikaondolewa. Mwaka 1936 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo chuoni hapo. Aliyoyajifunza kwa Naismith aliyapeleka Durham, North Carolina, katika chuo cha Weusi. Asubuhi ya Jumapili moja ya Machi 1944, watu wengi wakiwa kanisani, vijana wake walicheza kwa siri, milango ikiwa imefungwa, dhidi ya timu ya Weupe kutoka shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Duke. Walishinda kwa pointi 88 kwa 44. Miaka ya 1957, 1958 na 1959 aliiongoza timu ya chuo cha Tennessee A&I kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya NAIA mara tatu mfululizo.

Nimekaa sana kwa McLendon kwa sababu alikuwa mwalimu, zao la idara iliyojua kwamba kazi yake ni kufanya walimu. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuonewa haya.

Mwaka 1961 jimbo la California lilitunga sheria ya ualimu iliyoliweka somo la viungo nje ya masomo ya kitaaluma. Miaka miwili baadaye James Conant, aliyepata kuwa rais wa Harvard, alichapisha kitabu kuhusu elimu ya walimu, akashauri shahada za juu za elimu ya viungo zifutwe kabisa. (Ni wakati wa urais wake, mwaka 1947, ambapo Harvard ilifunga Maabara ya Uchovu, ambako tangu 1927 fiziolojia ya mazoezi ilikuwa ikijengwa kwa vipimo vya hali ya juu. Mtu huona haraka upungufu wa jirani.) Jibu lilitoka Berkeley. Franklin Henry, mwaka 1964, aliandika makala akidai kwamba elimu ya viungo ni taaluma kamili, yenye maarifa yake, hata ukiondoa ualimu.

Hoja yake ilishinda, na ushindi ulikuwa ghali. Idara zikagawanyika katika fiziolojia, biomekanika na saikolojia ya michezo. Fedha za utafiti zikafuata maabara, na aliyebaki kuandaa walimu wa shule akaonekana mtu wa jana. Mwaka 1989 akademia ya Wamarekani wa fani hiyo ikapendekeza jina la kinesiolojia. Huko Berkeley, idara ya Henry mwenyewe ilibadilishwa jina ikawa ya biodinamika ya binadamu, na miaka ya 1990 haikuwapo tena. Waliotafuta heshima kwa kuwaiga wanabiolojia waliishia kumezwa na biolojia.

Afrika Mashariki iliingia katika kisa hiki kwa miguu. Vyuo vya Marekani vilikuwa vikiwasajili wakimbiaji wetu: Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Kisha maabara nayo ikaja kwetu. Mwaka 1990 Bengt Saltin, mwanafiziolojia wa Kiswidi, alifika Kenya na vifaa vyake kuwapima wakimbiaji, wakiwamo wavulana wa shule. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba kwa uwezo wa juu wa kutumia oksijeni Wakenya hawakuwaacha mbali wakimbiaji bora wa Skandinavia. Tofauti kubwa ilikuwa katika uchache wa nguvu wanazotumia wakikimbia mwendo uleule.

Ni kazi nzuri ya kisayansi, nami huwasomesha wanafunzi wangu habari zake. Ila huwauliza pia nani alikuwa amewafunza wakimbiaji hao. Katika shule ya Mtakatifu Patrick, Iten, iliyotoa mabingwa wengi wa dunia, mkufunzi alikuwa Bruda Colm O'Connell, aliyetoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia, wala hakuwa amesomea riadha popote.