Uti wa Mgongo na Amana ya Tabibu

Ndugu msomaji, huenda umejiuliza: huku kunyosha mgongo kwa mikono, kuitwako kiropraktiki, ni elimu au ni ubabaishaji? Kazi hiyo ilianzishwa Marekani na Daniel David Palmer mwaka 1895. Yeye alidai kuwa maradhi mengi hutokana na pingili kusogea. Utafiti haukulithibitisha dai hilo. Kinachokubalika ni kuwa maumivu ya kawaida ya kiuno huweza kupungua kwa tiba hiyo.

Lakini kutibu pingili kwa mikono ni jambo kongwe. Abulqasim Azzahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mwaka 1013 hivi, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kumlaza mgonjwa kifudifudi, akavutwa juu na chini, na pingili ikakandamizwa irudi mahali pake. Pia alikiri mpaka wa elimu yake: mgonjwa akishindwa kuzuia haja, na viungo vikalegea, alisema hana dawa.

Leo dalili hizo zataka hospitali upesi, maana huenda upasuaji ukamuokoa mgonjwa. Basi mzee wako akipatwa na hali hiyo, usimpeleke kwa mkandaji, wala usingoje kesho. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo ni mdhamini wa madhara yake. Kusema "hili silijui" nako ni katika amana.